Si laana bali deni: kisa cha kocha Béla Guttmann

Haya ni mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni.

Ndugu msikilizaji,

Mwezi Mei mwaka 1990, mtu mmoja mzaliwa wa Msumbiji, wakati huo akiwa na umri wa miaka 48, alikwenda makaburini katika jiji la Vienna, nchini Austria. Alilitafuta kaburi moja, akapiga magoti mbele yake na kuomba. Marehemu hakuwa ndugu yake. Hawakuwa wa kabila moja, wala wa dini moja, wala hawakuzaliwa katika bara moja.

Mtu huyo alikuwa Eusébio, mmoja wa wacheza kandanda wakubwa kuliko wote waliopata kutoka Afrika. Klabu yake ya zamani, Benfica ya Ureno, ilikuwa icheze fainali ya Kombe la Ulaya la Klabu Bingwa katika jiji hilo hilo, dhidi ya AC Milan ya Italia. Eusébio alikwenda kumwomba marehemu ayaondoe maneno yake. Siku ya pambano ilipofika, Benfica ilifungwa bao 1-0.

Marehemu aliyeombwa ni Béla Guttmann, Mhungari, mchezaji wa zamani aliyegeuka kuwa kocha. Inasemekana kwamba mwaka 1962, baada ya kugombana na viongozi wa Benfica juu ya malipo, aliondoka akiapiza kwamba klabu hiyo haitatwaa tena kombe la Ulaya mpaka miaka 100 ipite. Tangu siku hiyo Benfica imeingia fainali nane za Ulaya na kushindwa zote nane.

Wapenzi wengi wa kabumbu wamekwisha kukisikia kisa hiki, na kila kinaposimuliwa, wasimulizi huishia kwenye laana. Mimi leo nataka kuanzia mahali ambapo wao hawafiki. Nitasema mapema ili tusidanganyane: siamini kwamba ipo laana. Naamini kwamba lilikuwapo deni. Na ili kulielewa deni hilo, hapana budi tumjue mdai.

Guttmann alizaliwa mwaka 1899 katika jiji la Budapest, katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi, na yeye mwenyewe alifuzu kufundisha dansi akiwa bado kijana mdogo. Usicheke, ndugu msikilizaji. Wale waliomwona akicheza mpira walisema miguu yake ilikuwa na adabu ya ukumbi wa muziki. Alijiunga na klabu ya MTK ya Budapest, akicheza senta hafu, nafasi ambayo zama zile ndiyo iliyokuwa ubongo wa timu. Hapo MTK walikuwa wamefunzwa na Mwingereza Jimmy Hogan, aliyewazoesha kupasiana mpira chini, kwa akili, badala ya kupiga mbele na kukimbilia. Pamoja na MTK, Guttmann alitwaa ubingwa wa Hungaria mwaka 1920 na 1921, na akaitwa timu ya taifa.

Lakini Hungaria ya miaka ile ilikuwa nchi yenye jeraha. Ilikuwa imeshindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, na kwa mkataba wa mwaka 1920 ilipoteza zaidi ya theluthi mbili za ardhi yake. Kama ilivyo kawaida ya watu wenye uchungu, alitafutwa wa kulaumiwa, na akapatikana Myahudi. Mwaka huo huo wa 1920 ilipitishwa sheria ya kupunguza idadi ya Wayahudi katika vyuo vikuu. Guttmann hakungoja kuona kitakachofuata. Alihamia Vienna na kujiunga na Hakoah, klabu ya Wayahudi ambayo jina lake kwa Kiebrania maana yake ni nguvu. Mwaka 1923 Hakoah ilikwenda London na kuifunga West Ham United mabao 5-0, na mwaka 1925 ikawa bingwa wa Austria.

Katikati ya hayo likatokea jambo dogo linaloonyesha tabia ya mtu. Mwaka 1924 Hungaria ilipeleka timu kwenye Michezo ya Olimpiki mjini Paris. Inasimuliwa kwamba msafara ulikuwa na viongozi wengi kuliko wachezaji, na kwamba hoteli waliyopangiwa ilifaa kwa viongozi waliopenda starehe za usiku, lakini haikumfaa mchezaji anayetaka kulala. Tena ilikuwa na panya. Basi Guttmann na wenzake wakawawinda panya hao, wakawafunga kwenye milango ya vyumba vya viongozi. Siku chache baadaye Hungaria, iliyohesabiwa miongoni mwa timu kali za Ulaya, ilichapwa mabao 3-0 na Misri. Naam, Misri ya Afrika. Guttmann hakuitwa tena timu ya taifa. Alikuwa na haki katika malalamiko yake, na akaadhibiwa kwa namna alivyoyatoa. Neno hilo tuliweke akilini, maana litarudi.

Mwaka 1926 Hakoah ilifanya ziara Marekani, na pambano lao moja mjini New York lilihudhuriwa na watu 46,000. Wachezaji kadhaa hawakurudi Ulaya, na Guttmann alikuwa mmoja wao. Alicheza mpira wa kulipwa, akatwaa kombe la taifa la Marekani mwaka 1929 akiwa na New York Hakoah, akaweka akiba yake katika hisa. Oktoba mwaka huo soko la hisa la New York likaporomoka, na akiba yake ikaenda na maji. Alirejea Ulaya miaka mitatu baadaye, mchezaji mstaafu anayetafuta pa kuanzia.

Alianzia kwenye ukocha. Alifundisha Hakoah, halafu klabu ya Enschede nchini Uholanzi. Huko Uholanzi inasimuliwa kwamba aliomba aandikiwe kwenye mkataba zawadi nono sana endapo timu itatwaa ubingwa wa nchi. Viongozi walikubali huku wakicheka, maana timu ilikuwa ikihangaika mkiani. Msimu ulipokolea, Enschede ikawa inagombea ubingwa, na mwenyekiti akawa anaomba kimoyomoyo timu yake ifungwe, maana klabu isingekuwa na fedha za kumlipa kocha wake.

Alirudi Hungaria, na mwaka 1939 Újpest ya Budapest ikatwaa chini yake ubingwa wa nchi pamoja na Kombe la Mitropa, lililokuwa shindano kubwa la klabu za Ulaya ya Kati. Angekuwa kocha wa imani nyingine, mlango wa utukufu ulikuwa wazi. Lakini ilikuwa ni 1939. Sheria dhidi ya Wayahudi zilikuwa zinaongezwa mwaka hadi mwaka, na baada ya mafanikio hayo Guttmann akabaki bila kazi.

Sasa tunafika mahali ambapo wasimulizi wa laana hupita haraka.

Machi 1944 majeshi ya Ujerumani yaliikalia Hungaria. Kati ya mwezi Mei na Julai mwaka huo, Wayahudi wapatao 437,000 walikusanywa kutoka mikoani, wakapakiwa katika mabehewa ya mizigo na kusafirishwa, wengi wao hadi Auschwitz, ambako walio wengi waliuawa siku ile ile waliyofika. Kocha aliyeshangiliwa na maelfu alijificha darini, juu ya saluni ya nywele, katika kitongoji kile kile cha Újpest alikokuwa amewaletea ubingwa. Baadaye alitiwa katika kambi ya kazi za kulazimishwa. Desemba 1944, yeye na wenzake wachache, akiwemo kocha mwingine mashuhuri, Ernő Egri Erbstein, waliruka dirishani na kutoroka kabla ya kupelekwa kwenye kifo. Erbstein alikuja kuijenga Torino kubwa ya Italia na kufa pamoja nayo katika ajali ya ndege mwaka 1949. Guttmann aliishi. Baba yake na dada yake waliuawa.

Mwenyewe hakupenda kuyasema haya. Kwa miaka mingi iliaminiwa na kuandikwa kwamba alikivuka kipindi cha vita akiwa salama nchini Uswisi. Ukweli ulikuja kuelezwa kwa ukamilifu miaka mingi baada ya kifo chake. Basi, ndugu msikilizaji, tazama jinsi dunia ilivyo. Maneno ya hasira ambayo labda aliyasema siku moja, kila mtu anayajua. Mwaka ule wa darini, hakuna aliyeuimba.

Vita vilipokwisha alianza upya, akiwa na miaka 46. Alikwenda Romania kuifundisha timu ya Ciocanul ya Bucharest, na kwa kuwa fedha zilikuwa hazina thamani, aliomba alipwe chakula. Hiyo haikuwa tamaa. Mtu aliyeona njaa hujua kwamba noti si mkate. Mwaka 1947 aliipatia Újpest ubingwa mwingine. Kisha akachukua timu ya Kispest, alimokuwamo kijana aliyekuwa anaanza kuitwa mfalme, Ferenc Puskás.

Mwaka 1948, katika mechi dhidi ya Győr, Guttmann alichukizwa na mchezo wa rafu wa beki wake mmoja, akamwamuru asirudi uwanjani kipindi cha pili, ingawa siku zile hakukuwa na mchezaji wa akiba na timu ingebaki na watu 10. Puskás akamwambia beki asimsikilize kocha, arudi acheze. Beki akarudi. Guttmann hakupiga kelele. Alipanda jukwaani, akasoma gazeti hadi mpira ulipokwisha, akapanda tramu kwenda nyumbani, na hakuonekana tena klabuni. Mtu aliyewahi kuruka dirishani ili aokoe roho yake hatishwi na mchezaji nyota.

Akaingia katika maisha ya kuhama. Italia, Argentina, Cyprus, kisha Italia tena. Mwaka 1953 alikabidhiwa AC Milan. Msimu wa 1954/55 Milan ilikuwa inaongoza ligi, na hapo hapo, ikiwa kileleni, viongozi wakamfukuza. Milan ikamaliza msimu ikiwa bingwa, na kombe likapokewa na mwingine. Shukrani ya punda ni mateke. Inaelezwa kwamba tangu siku hiyo alidai mkataba wake uandikwe kipengele kwamba hawezi kufukuzwa timu ikiwa inaongoza.

Hapo ndipo ilipozaliwa ile kanuni yake iliyokuja kujulikana kote: kwamba mwaka wa tatu ni hatari kwa kocha. Mwaka wa kwanza wachezaji wanakusikiliza, wa pili wanakufuata, wa tatu wamekuzoea na wapinzani wamekusoma. Wengi huichukua kanuni hii kama elimu ya mpira, na elimu imo. Lakini mimi nikiyatazama maisha yake nasikia ndani yake sauti nyingine: ondoka wewe kabla hawajakuondoa. Huyu ni mtu ambaye Budapest ilimkataa, New York ikamfilisi, Vienna ikaifunga klabu yake Wanazi walipoingia mwaka 1938, na nchi yake ikamtia kambini. Alijifunza kwamba hakuna nyumba ya kudumu. Alijifunza pia kwamba ahadi ya mdomo ya mwenye nyumba haina uzito wowote.

Mwaka 1956 Wahungari waliasi dhidi ya utawala uliowekwa na Urusi, na uasi ukazimwa kwa vifaru. Timu ya Honvéd, ambayo ndiyo ile Kispest iliyobadilishwa jina, ilikuwa nje ya nchi. Mapema mwaka 1957 ilifanya ziara Brazil, na kocha aliyeiongoza alikuwa Guttmann. Timu ikatawanyika, yeye akabaki Brazil akiifundisha São Paulo, na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa jimbo. Alicheza mfumo wa 4-2-4, walinzi wanne, viungo wawili na washambuliaji wanne. Wabrazil walikuwa na mawazo yao ya mfumo huo tangu awali, kwa hiyo tusimpe sifa yote. Lakini Vicente Feola, aliyekuwa mtu wa klabu hiyo hiyo ya São Paulo, ndiye aliyeiongoza Brazil kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 kwa mfumo wa 4-2-4.

Kutoka Brazil alivuka bahari hadi Ureno. Mwaka 1959 aliipa FC Porto ubingwa, ikilingana pointi na Benfica na kuishinda kwa tofauti ya mabao tu. Benfica wakaona dawa ya adui ni kumchukua. Guttmann akahamia Lisbon, akawapunguza wachezaji wengi wa zamani, akapandisha vijana, akatwaa ubingwa mwaka 1960 na 1961.

Na hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi wa upande huu wa dunia. Benfica ile haikujengwa na Ureno peke yake. Kiungo wake mkuu, Mário Coluna, alizaliwa kisiwa cha Inhaca, Msumbiji. Mlinda mlango, Costa Pereira, alizaliwa Nacala, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo. Mfungaji na nahodha, José Águas, alitoka Angola, na Santana pia. Wengine walikuwa Waafrika, wengine wana wa walowezi, lakini wote walichotwa kutoka makoloni ambayo Ureno ilisisitiza kuyaita mikoa yake ya ng'ambo.

Eusébio alipatikana kwa njia ya kinyozi. Guttmann alikuwa katika duka la kunyoa nywele mjini Lisbon alipokutana na Bauer, Mbrazil aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa lake. Bauer alikuwa anatoka Msumbiji, alikokwenda na timu ya Ferroviária, na alikuwa hana usemi mwingine isipokuwa kijana mmoja aliyemwona Lourenço Marques, mji ambao sasa ni Maputo. Benfica hawakuchelewa. Kijana alikuwa anachezea tawi la mahasimu wao, Sporting, lakini Benfica walikwenda kuafikiana na mama yake. Desemba 1960 Eusébio aliletwa Lisbon, akafichwa kwa muda katika hoteli kusini mwa Ureno, na katika mawasiliano wakamwita kwa jina la kike ili Sporting wasimgundue. Hayo si mambo ya malaika. Guttmann alijua kudai haki yake, lakini alijua pia kufumba macho pale haki ya mwingine ilipomzuia.

Tarehe 31 Mei 1961, mjini Bern, Benfica iliifunga Barcelona mabao 3-2 na kuwa klabu ya kwanza kuutwaa ubingwa wa Ulaya kutoka mikononi mwa Real Madrid, iliyokuwa imeushika miaka mitano mfululizo. Bao la tatu lilipigwa na Coluna kutoka mbali. Eusébio hakucheza, mgogoro wa usajili wake ulikuwa ndio kwanza umemalizika.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei 1962, Amsterdam, waliikuta Real Madrid yenyewe. Na upande wa pili alisimama nani? Puskás, yule yule wa mwaka 1948. Puskás alifunga mabao matatu katika kipindi cha kwanza, na hadi mapumziko Real iliongoza kwa 3-2. Kipindi cha pili Coluna akasawazisha, na Eusébio, kijana wa miaka 20, akafunga mawili. Benfica 5, Real Madrid 3. Safari hii hakuna aliyemwambia beki asimsikilize kocha.

Siku 54 baada ya fainali hiyo, tarehe 25 Juni 1962, Chama cha Ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kiliundwa jijini Dar es Salaam. Vijana wa Msumbiji waliishangilia Ulaya ikiwashangilia Coluna na Eusébio, huku wengine wakivuka mto Ruvuma kutafuta njia ya kurudi kwao wakiwa huru.

Sasa tuje kwenye deni. Baada ya kombe la pili Guttmann aliwaendea viongozi wa Benfica akaomba aongezwe malipo. Viongozi wakajibu kwamba mkataba hausemi hivyo. Kisheria walikuwa sahihi. Mtu yule wa Enschede, aliyejua kuandikisha kila senti, safari hii hakuwa na karatasi ya kumtetea. Akafungasha, akaenda Peñarol ya Uruguay, na huko akashinda ubingwa mwaka ule ule. Alikuwa amekaa Benfica miaka mitatu.

Je, aliapiza? Inasemekana hivyo. Lakini tutumie akili zetu. Mwaka 1965 Guttmann mwenyewe alirudi kuifundisha Benfica. Mtu aliyeilaani nyumba harudi kulala ndani yake. Na aliporudi hakufanikiwa: Machi 1966 Manchester United iliifunga Benfica mabao 5-1 Lisbon kwenyewe, na ubingwa wa Ureno ukachukuliwa na Sporting.

Tutazame pia fainali zenyewe. Mwaka 1963 dhidi ya Milan, Coluna aliumizwa wakati hakuna ruhusa ya kuingiza mchezaji wa akiba. Benfica ikafungwa 2-1. Mwaka 1965 walicheza na Inter kwenye uwanja wa nyumbani wa Inter, mlinda mlango akaumia, na beki Germano akasimama golini, wakafungwa 1-0. Mwaka 1968 walishindwa na Manchester United kwenye uwanja wa Wembley katika muda wa nyongeza. Mwaka 1983 walipoteza Kombe la UEFA kwa Anderlecht, mwaka 1988 wakapoteza kwa PSV kwa penalti, mwaka 1990 kwa Milan, mwaka 2013 kwa Chelsea katika dakika za majeruhi, na mwaka 2014 kwa Sevilla, tena kwa penalti. Humo ndani sioni jini. Naona majeruhi, ugenini, bahati ya penalti na wapinzani hodari. Tena timu iliyolaaniwa haifiki fainali tatu katika miaka sita. Hizo za 1963, 1965 na 1968 zilichezwa kwa sehemu kubwa na vijana aliowakusanya yeye. Alipoondoka, mti alioupanda uliendelea kuzaa.

Kwa nini basi watu waliipenda laana? Kwa sababu laana inamsamehe kila mtu. Ikiwa tumefungwa kwa laana, hakuna kiongozi wa kuulizwa kwa nini alimwacha mjenzi aende kwa sababu ya malipo, wala nani aliyechukua nafasi yake na kwa mpango gani. Sisi tunaopenda mpira tunaijua tabia hii. Timu ikifungwa, wapo wanaokimbilia kwa mganga kabla ya kukimbilia kwenye daftari la hesabu. Kumbe jibu lilikuwa kwenye daftari.

Na lipo deni la pili ambalo ni kubwa zaidi. Guttmann alipokataliwa ongezeko, aliweza kuondoka. Eusébio hakuweza. Klabu za Italia zilimtaka kwa fedha nyingi, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba Salazar, mtawala wa Ureno, alizuia asiuzwe, kwa hoja kwamba ni mali ya taifa. Mwana wa Mafalala, mtaa wa watu maskini, akaitwa mali. Alibaki Benfica hadi mwaka 1975, magoti yake yakiwa yamechoka kwa upasuaji. Huyo ndiye aliyepiga magoti hayo hayo makaburini Vienna kuomba msamaha kwa niaba ya klabu. Nikilitafakari jambo hili, ndugu msikilizaji, naona kama mambo yaligeuzwa. Kati ya watu wote wa Benfica, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kudai, siyo kuomba.

Guttmann alifariki Vienna tarehe 28 Agosti 1981, akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa amefundisha katika nchi zisizopungua 12, na mara chache alipita ule mwaka wa tatu. Alikuwa na kiburi, alikuwa mgumu, na alipenda fedha. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba aliyenyang'anywa kila kitu mara tatu katika maisha ana sababu ya kuhesabu chenji yake. Benfica yenyewe ilikuja kukiri. Mwaka 2014 ilimwekea sanamu kwenye uwanja wake, ameshika makombe yake mawili. Heshima ilifika miaka 33 baada ya mwenyewe kuzikwa. Eusébio aliaga dunia Januari mwaka huo huo, na Coluna, aliyekwisha kuongoza chama cha mpira cha Msumbiji huru, akamfuata Februari. Na mwaka 2022 vijana wa Benfica walitwaa kombe la Ulaya la vijana. Hao hawakuwa na laana. Walikuwa na walimu waliolelewa na kuaminiwa.

Waungwana walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kuomba kwenye kaburi, wala kujenga sanamu. Anayejenga timu, shule, kiwanda au nchi anastahili kupewa haki yake angali hai, na kabla hajafika mahali pa kuinuka kwa hasira na kusema neno litakaloishi kuliko kazi yake. Guttmann alifanya kazi kubwa kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na dunia ikamkumbuka kwa sentensi moja. Hilo nalo ni deni, na leo nimejaribu kulipa sehemu yake ndogo.

Nakutakia juma jema. Kwaheri.